Chura wa Kihansi na bei ya kuchelewa kutazama

Hotuba ya mwalimu mstaafu wa baiolojia mbele ya wanachuo wa ualimu, bonde la Kilombero, katika maadhimisho ya Siku ya Mazingira Duniani.

Mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wazazi mliofika, na ninyi vijana mnaojiandaa kushika chaki. Shikamooni wazee. Hamjambo wanangu.

Barua ya mwaliko imeniomba nizungumzie uhifadhi wa wanyamapori. Najua mtu akitaja wanyamapori hapa kwetu, wengi wenu mnaona tembo, simba, twiga, na magari ya watalii yakitimua vumbi. Hao wana watetezi wengi, na wanastahili. Mimi leo nimekuja kumtetea mnyama anayeweza kukaa juu ya kidole gumba changu na nafasi ikabaki. Jike lake akikomaa kabisa hafiki sentimita tatu. Dume ni mdogo zaidi, hafiki hata mbili. Rangi yake ni ya manjano kama embe dodo lililoiva vizuri. Nyumbani kwake hapa duniani ni sehemu moja tu, nayo iko kwenye milima hii mnayoiona dirishani kila asubuhi mkipiga mswaki. Ni chura wa Kihansi.

Nimewaona mmetazamana. Nilitarajia. Jina la chura huyu limeshakuwa neno la kubezana. Limetajwa vijiweni, limetajwa kwenye magazeti, limefika mpaka bungeni, na mara nyingi linatajwa kwa hasira: watu hawana madawati, hawana dawa, halafu pesa zinapelekwa kwa vyura! Siidharau hasira hiyo. Nimefundisha darasa la wanafunzi themanini lenye madawati ishirini, naijua. Ila naomba mnisikilize hadithi yenyewe ilivyokwenda, maana wanaoikasirikia mara nyingi wameipokea kutoka mwishoni.

Mto Kihansi unatoka huko juu Mufindi. Ukifika ukingoni mwa milima ya Udzungwa, ardhi inaishia ghafla na mto unaruka. Unaporomoka mamia ya mita kwenye korongo jembamba mpaka huku chini kwetu, unaingia Kilombero, na Kilombero inakwenda kuijaza Rufiji. Enzi hizo maji yote yalipokuwa yanapita korongoni, kishindo chake kilikuwa kikubwa, na pale yalipopiga mwamba yalirusha manyunyu usiku na mchana, masika na kiangazi. Upepo wa maporomoko yenyewe uliyapeperusha manyunyu hayo juu ya mteremko, na mteremko ukaota zulia la kuvumwani na majani mafupi yasiyokauka kamwe. Eneo lote hilo lenye manyunyu lilikuwa kama hekta mbili. Pimeni wenyewe: viwanja vitatu vya mpira, basi. Ndani ya viwanja hivyo vitatu ndimo chura huyu alimoishi, kwa maelfu, na hakuwa na pengine pa kwenda. Jina lake la kisayansi lina neno la Kilatini lenye maana ya manyunyu. Waliompa jina walielewa kwamba huyu na manyunyu ni kitu kimoja.

Sasa niseme jambo langu mimi kama mwalimu. Kwa miaka mingi nilisimama mbele ya darasa nikasema: amfibia hutaga mayai majini, mayai huwa viluwiluwi, viluwiluwi huwa vyura. Nilichora ubaoni, wanafunzi wakanakili, wakafaulu mtihani. Chura wa Kihansi hatagi. Anazaa. Anazaa watoto waliokwisha kuwa vyura kamili, wana miguu minne, wadogo kama punje ya mchele, na wanaanza kurukaruka siku hiyo hiyo. Hakuna kiluwiluwi anayeogelea popote. Na si yeye peke yake. Ana ndugu zake wa ukoo mmoja wanaozaa vilevile, wametawanyika kwenye misitu ya milima yetu, na ukoo wote huo ni wa Tanzania tu. Habari za mmoja wao ziliandikwa na Wajerumani tangu mwaka 1905. Karibu karne nzima! Na mimi, mzaliwa wa bonde hili, nilikuwa nafundisha kwamba vyura hawazai, huku vyura wanaozaa wako mlimani nyuma ya shule. Siku nilipojua, nilirudi darasani nikafuta mchoro, nikaanza upya. Ndiyo maana nimekuja kuzungumza na walimu watarajiwa badala ya kwenda mahali pengine.

Turudi mtoni. Wazee wenzangu hapa wanaikumbuka miaka ya 1990 na mgawo wa umeme. Mvua zilikatika, mabwawa yakakauka, mji unalala gizani, mashine za kusaga zinasimama, hospitali zinahangaika na majenereta. Nchi ilihitaji umeme, na Kihansi ilikuwa zawadi: maji yanayoanguka kutoka juu kiasi kile, ukiyapitisha kwenye handaki ukayapeleka kwenye mitambo, unapata megawati 180. Sina ugomvi hata kidogo na umeme huo. Usiku huu mtajisomea kwa taa, na huenda sehemu ya mwanga huo inatoka pale. Mtu akija kuwaambia kwamba mazingira na umeme ni maadui, mwambieni aende kukaa gizani wiki moja ndipo mzungumze.

Tatizo lilikuwa mpangilio. Tathmini ya mwanzo haikuingia ndani ya korongo ikatazama ipasavyo. Ujenzi ulikuwa umeshaanza, fedha zimeshakopwa, mikataba imeshasainiwa, ndipo mwaka 1996 watafiti waliokuwa wanachunguza korongo wakamkuta chura wa manjano ambaye hakuwa kwenye kitabu chochote. Mmoja wao alikuwa Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hebu fikirini njia panda iliyokuwapo hapo. Kama chura huyu angejulikana miaka mitano kabla, wahandisi wangekaa na ramani zao wakapanga tangu mwanzo maji kiasi gani yabaki mtoni, na bomba la manyunyu lipite wapi. Kwenye karatasi kuhamisha mstari ni kazi ya kalamu na kifutio. Kwenye mwamba uliokwisha kupasuliwa kwa baruti ni jambo jingine.

Mitambo ilipoanza kazi, karibu sehemu tisa katika kumi za maji zikaingia handakini. Kishindo cha korongo kikanyamaza. Zulia likaanza kukauka kutoka pembeni kuelekea katikati.

Desemba 2000 wakakusanywa vyura 499, wakapandishwa ndege hadi Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Mtu asije akawadanganya kwamba ilikuwa safari ya raha. Hakuna aliyewahi kumfuga chura huyu. Hakuna aliyejua anahitaji mwanga gani, anakula nini akiwa mtoto, maji yake yawe na nini. Walikufa kwa wingi. Ilipofika mwaka 2004 wale 499 pamoja na watoto wao walikuwa wamebaki chini ya mia moja, wakitunzwa Bronx na kwenye bustani ya wanyama ya Toledo, huko huko Marekani. Taifa zima la viumbe limebaki idadi ya abiria wa mabasi mawili.

Huku nyumbani nako hawakukaa bure. Mwaka 2001 yaliwekwa mabomba yenye vinyunyizio, yanayoteremsha maji kwa mwinuko wa mlima wenyewe bila pampu, ili kuiga manyunyu yaliyopotea. Na yalifanya kazi! Majani yakarudi kijani, vyura wakaongezeka, na katikati ya mwaka 2003 makadirio yakafika kama 20,000. Watu wakapumua. Miezi michache baadaye wakaanza kutoweka, na walitoweka kwa kasi ambayo hata sasa inanisikitisha nikiisimulia. Januari 2004 walioonekana kwa macho walikuwa watatu. Na madume wawili walisikika wakiita.

Nataka mkae kidogo na hao wawili. Chura dume huita jike. Ndiyo kazi ya sauti yake. Sisi Waswahili tuna methali yetu, kelele za chura hazimzuii tembo kunywa maji, na tunaitumia kuwaambia wanyonge kwamba sauti yao haibadilishi kitu. Nimeipenda methali hiyo maisha yangu yote. Lakini tangu nisome habari za madume wale wawili, wanaita kwenye korongo tupu, kila mmoja upande wake, siwezi tena kuitamka kwa wepesi.

Kilichowaua safari hii kilikuwa kuvu wa ngozi. Chura anapumua na kunywa kwa ngozi yake, kwa hiyo ugonjwa wa ngozi kwake ni kama ugonjwa wa mapafu kwako. Kuvu huyu anaitwa kitridi, na ameshaangamiza vyura katika nchi nyingi duniani. Anasafiri na unyevu, na tope lililoshika kwenye buti linaweza kumbeba. Wapo pia waliohusisha anguko lile na maji yaliyofunguliwa bwawani mwaka 2003 yakiwa na tope na mabaki ya sumu za mashambani kutoka juu. Mwili uliokwisha kudhoofika haufi kwa sababu moja. Mwaka 2005 ndipo alipoonekana wa mwisho, na mwaka 2009 akaandikwa rasmi kuwa ametoweka porini.

Miaka kadhaa iliyopita nilipata bahati ya kufika pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanapotunzwa. Maana mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa nchini kwa ndege, kizazi cha wale waliookolewa, na wakajengewa makazi Dar es Salaam. Kabla ya kuingia unavua viatu vyako unavaa vya humo ndani, unanawa. Ndani kuna masanduku ya kioo, na kila baada ya muda mabomba madogo yanatoa ukungu mwembamba, shhh, kisha yanakata. Kijana mmoja mtunzaji, sauti ya chini kama yuko wodini, aliniambia nisogee, akainua jani. Akaniambia, "Mwalimu, mtazame huyu, mjamzito." Niliinama mpaka pumzi yangu ikaweka ukungu kwenye kioo. Ngozi ya tumbo la chura huyu ni nyepesi kiasi cha kupitisha mwanga, na humo ndani, nyuma ya ngozi ile, niliona vidoa vyeusi vimepangana. Watoto. Nilikuwa na miaka sitini na kitu, nimefundisha uzazi wa wanyama tangu nikiwa kijana, na sikuwa nimewahi kuona kitu kama kile kwa macho yangu. Kijana yule anawafugia pia wadudu wadogo wa chakula, anawazalisha kwenye chupa, anawahesabu. Kazi yake hiyo hakuna anayeipigia makofi. Leo naomba tumpigie.

Ahsanteni.

Desemba 2012 wengine wakarudishwa korongoni, Kihansi kwenyewe, chini ya vile vinyunyizio. Kwa amfibia aliyekwisha tangazwa kutoweka porini, kurudishwa namna hiyo hakukuwahi kufanyika mahali popote duniani kabla ya hapo. Sisi ndio tulianza. Kazi bado ni ngumu, kuvu bado yupo, na baada ya hapo wengine wamepelekwa kwa awamu. Sitawaambia kwamba ameshapona.

Sasa swali la pesa. Chura ana faida gani? Nimeulizwa hivyo na watu wazima wenye akili zao, na nimeamua kutowajibu kwa kutunga. Sitasema chura huyu ana dawa ya ugonjwa fulani, maana sina ushahidi huo. Nasema hivi: pesa zilizotumika Marekani, mabomba, maabara, ndege, zote zile ni malipo ya kuchelewa kutazama. Anayelalamikia bei ya chura anyooshe kidole mahali pake. Chura hakuomba kupelekwa New York. Alikuwa amekaa kwake.

Na jambo jingine ambalo wanaobeza hawalifikirii. Maji yanayomnyunyizia chura na maji yanayozungusha mitambo ni yale yale, yanatoka kwenye vyanzo vile vile huko Mufindi. Huko juu wenzetu wanalima vinyungu, bustani za mabondeni wakati wa kiangazi, na nawaelewa, ni mboga na ada ya shule. Lakini bonde oevu likishachimbwa mifereji lote, kiangazi mto unapungua. Ukipungua, anayekosa kwanza ni chura, na anayefuata ni wewe unayechaji simu. Ukimwona chura wa Kihansi hana manyunyu, jua na mitambo haijashiba. Mimi sijapata kuona kipimo cha mto kilicho sahihi kuliko hicho.

Nimesema tulichelewa kutazama. Milima hii ya Udzungwa imejaa mambo ambayo hayajatazamwa. Mwaka 1991 watafiti walikuwa kambini msituni, wanakula, wakaona kwenye sufuria miguu ya ndege isiyofanana na ya kuku. Kumbe ni kwale ambaye sayansi haikuwa inamjua, na ndugu zake wa karibu wako Asia. Jamani, sufuriani! Kipunji, yule kima mwenye nywele za kusimama utosini, alitangazwa kwa ulimwengu mwaka 2005, kaonekana Rungwe na kaonekana msitu wa Ndundulu huku kwetu Udzungwa. Lakini jina hilo kipunji halikutungwa na mtafiti. Wawindaji wa Rungwe walikuwa nalo siku zote. Walikuwa wanamjua mnyama, tabia zake, miti anayopenda. Hakuna aliyekuwa amewauliza.

Hapo ndipo ninyi mnapoingia. Wengi wenu mtapangiwa shule za vijijini, na najua kuna watakaolia siku ya kupangiwa. Mtafika mahali ambapo mtafiti hajafika na pengine hatafika karibuni. Mtakuwa na watoto arobaini ambao kila mmoja ana babu anayejua jina la kila ndege. Andikeni majina hayo. Kwa lugha ya hapo, kwa Kiswahili, na mnyama mwenyewe alikoonekana, mwezi gani, kwenye mti gani. Daftari la kawaida linatosha. Na siku ukitangazwa mradi, wa bwawa, wa mgodi, wa barabara, fahamuni kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004, inataka ifanyike tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kazi kuanza, na wananchi wasikilizwe. Kabla. Mikutano hiyo huitishwa kijijini, watu wanasaini karatasi ya mahudhurio, wanakunywa soda, wanaondoka. Mwalimu mwenye daftari lile akisimama pale na kusema bonde hili lina vyura tuliowaandika miaka mitatu mfululizo, hakuna mhandisi makini atakayempuuza, maana mhandisi naye hataki kukuta jambo hilo baruti ikiwa imeshalipuka. Katiba yetu, Ibara ya 27, inasema kila mtu ana wajibu wa kulinda maliasili ya Jamhuri. Imesema kila mtu. Haikutaja cheo.

Kuna kijana kaniuliza asubuhi hii, kabla hatujaanza: mwalimu, mbona hata hao vyura wa kawaida wa hapa chuoni wamepungua, zamani hatukuweza kulala kwa kelele zao? Sikumjibu, kwa sababu jibu la kweli linahitaji kuhesabu, na hakuna aliyewahi kuhesabu. Kwa hiyo nimezungumza na mkuu wa chuo, naye amekubali. Leo saa moja usiku tunakutana nyuma ya bweni la wavulana, pale mtaro wa jikoni unapoingia bwawani. Mvua zimekatika lakini maji bado yapo. Kila mtu aje na tochi, kalamu na daftari. Tutakaa kimya robo saa nzima, simu zimezimwa, tusikilize. Kila sauti tofauti iandikwe, hata kama hujui ni ya nani. Andika inavyosikika, kro-kro, tii-tii, vyovyote. Kesho kutwa tutarudi tena, na mwezi ujao tena.

Mje na mabuti, kuna matope. Na yawe yameoshwa kwa sabuni na kuanikwa juani yakakauka kabisa. Nitayakagua mlangoni mmoja mmoja, na mwenye tope la bwawa jingine chini ya buti hataingia.